Mstari wa Sentimita Kumi

Kila siku saa tisa na nusu, kengele ya shule ikishalia, Nukta alikuwa na njia moja tu: lango la shule, duka la vitabu, kona ya fundi saa, kisha dukani kwa Mama. Lilikuwa duka la kuchapa na kunakili. Akifika huko alivua sweta, akanawa mikono kwa sabuni na kuifuta mpaka ikauka kabisa, maana karatasi na maji ni maadui wa tangu enzi. Kisha alipanga karatasi kwenye trei za mashine, akafagia vipande vilivyokatwa, na kama hakuna wateja alifanya hesabu za shule juu ya kaunta.

Jina lake la darasani lilikuwa jingine, refu na la heshima, lakini aliyelitumia ni mwalimu wa zamu peke yake. Baba ndiye aliyembandika jina la Nukta, siku alipozaliwa mdogo kuliko watoto wote wa wodi ile. Baba alikuwa mchora ramani za majengo. Alisema kila mstari duniani huanzia kwenye nukta, kwa hiyo binti yake asidharauliwe.

Baba alifariki dunia miezi mitano kabla ya mambo haya. Meza yake ilibaki pale pale dukani, nyuma ya mashine kubwa, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuihamisha.

Alikuwa amemfundisha Nukta karatasi kabla hajajua vizuri kusoma. A1 ukiikunja katikati unapata A2. A2 ukiikunja unapata A3, na A3 ukiikunja unapata A4, ile ya barua na mitihani. "Lakini karatasi ndogo si ruhusa ya kupunguza mchoro," alikuwa akisema. "Watu wanadhani kupunguza mchoro ni kama kupunguza sauti ya redio. Redio ukiipunguza, wimbo ni uleule. Mchoro ukiupunguza, nyumba inakuwa nyingine."

Ndiyo maana aliweka sheria dukani. Kila mchoro wake, kabla ya ukuta wala dirisha, ulianza na mstari mfupi chini ya karatasi, wa sentimita kumi kamili. Mchoro ukitoka kwenye mashine, aliyeuchapa alichukua rula na kuupima mstari ule. Ukiwa kumi, aliweka alama ya vema pembeni kwa penseli nyekundu. Usipokuwa kumi, hata ukipungua kwa milimita mbili, karatasi ilikwenda kwenye kapu la taka na kazi ikaanza upya. Mafundi wa mji mzima waliiamini alama ile. Waliiona, wakakunja karatasi, wakaenda kazini.

Aliyeiamini kuliko wote alikuwa seremala mmoja waliyemwita Fundi Taratibu. Mzee huyu alipiga randa polepole mno, hata vijana wa karakana walimtania kwamba mbao zake zilikuwa zinapata muda wa kuota majani. Kwa miaka kumi na mitano alifanya kazi na Baba, na katika miaka hiyo yote hawakuwahi kupishana hata kidogo. Baba alichora, Fundi Taratibu aliweka rula juu ya karatasi, akapima mistari, akakata.

Sasa ulikuwa umebaki mchoro mmoja ambao Baba hakuumaliza.

Ulikuwa wa mlango wa Bibi, mama yake Baba. Bibi aliishi kijijini na Shangazi, safari ya nusu siku kutoka mjini. Miaka miwili nyuma alianguka, nyonga ikavunjika, na tangu hapo alitumia kiti cha magurudumu. Mlango wa nyumba yake ulikuwa mwembamba, wa zamani, na kiti hakikupita. Bibi alishinda ndani mchana kutwa, akizunguka baina ya chumba na sebule. Kubebwa hakutaka. Siku ya mazishi ya Baba ndiyo pekee alipokubali, wanaume wanne wakamwinua na kumtoa nje, na walipomrudisha alisema hatabebwa tena. "Nimetolewa kama kabati, mbele ya jeneza la mwanangu," alisema. "Sirudii."

Kaburi la Baba lilikuwa nyuma ya nyumba, upande usio na dirisha. Bibi hakuwa ameliona tangu siku ile.

Na huo ndio uchungu wenyewe, kwa sababu Baba alikuwa ameanza kumtengenezea mlango mpana. Wiki chache kabla ya kuugua alikwenda kijijini, akapima kiti, akapima ukuta, akarudi na vipimo kichwani kama kawaida yake. Alinunua mbao ngumu iliyokauka vizuri, akaiacha kwa Fundi Taratibu. Akachora mistari yote. Namba alikuwa bado hajaandika hata moja, ugonjwa ukamchukua, na vipimo alizikwa navyo. Kwenye mchoro kulikuwa na maneno haya tu: skeli, moja kwa kumi. Maana yake, sentimita moja kwenye karatasi ni sentimita kumi kwenye mbao.

"Haina shida," alisema Fundi Taratibu, Mama alipomweleza. "Mimi namba za nini? Nichapie mchoro kwa ukubwa wake halisi, rula yangu itasema. Marehemu alishapima, mimi ni nani wa kupima tena?"

Alikuja kuuchukua siku ya Ijumaa. Mama alikuwa amezingirwa na walimu wanaotaka mitihani yao, kwa hiyo akamwita Nukta.

"Mwanangu, mchapie babu yako mlango wa Bibi. Tumia mashine kubwa, karatasi ya A2, halafu ukate kingo. Ule mchoro umejaa A3 mpaka ukingoni, mashine ndogo haiuwezi."

Nukta alitazama saa ya ukutani. Saa kumi kamili kulikuwa na mazoezi ya mwisho ya mpira wa pete, na aliyechelewa hapangwi kwenye timu. Mashine kubwa ilitaka kubadilishiwa karatasi na kupashwa moto, halafu kungekuwa na kukata kingo kwa rula na wembe. Dakika ishirini, ukiwa na bahati. Mashine ndogo ya A3 ilikuwa imeshawaka, inanguruma taratibu, inamsubiri.

Akautuma mchoro kwenye mashine ndogo. Kompyuta ikamwuliza: mchoro unazidi eneo la kuchapa, upunguzwe? Akabonyeza ndiyo.

Karatasi ilitoka safi, mistari yote ndani, kingo nyeupe nzuri pande zote. Nukta alichukua rula na kuupima ule mstari wa chini. Sentimita tisa na milimita nne.

Akapima tena. Tisa na nne.

Milimita sita, alijiambia. Milimita sita si hata unene wa penseli. Na Fundi Taratibu alikuwa amesimama mbele ya kaunta, kofia mkononi. Na saa ilikuwa inasogea.

"Umeupima mstari?" Mama aliuliza bila kugeuka.

"Nimeupima, Mama."

Halikuwa neno la uongo. Ndivyo alivyojiambia pia. Kisha akachukua penseli nyekundu ya Baba akaweka alama ya vema, na hapo hata yeye hakuwa na la kujiambia. Fundi Taratibu akaiona alama, akaikunja karatasi kwa heshima kama mtu anayekunja barua ya rafiki, akashukuru na kwenda zake. Nukta aliwahi mazoezi. Alipangwa kwenye timu, akacheza vibaya.

Wiki moja baadaye yule mzee alipita dukani kununua bahasha. Aliegemea kaunta akakuna kidevu.

"Mlango wa bibi yako nimeumaliza," alimwambia Nukta. "Umependeza. Ila marehemu kauchora mfupi kidogo, mita moja na tisini na tatu. Nimeshangaa. Hivi paa la kule liko chini?"

Nukta aliacha kuhesabu bahasha. Mdomo ulikuwa tayari umefunguka. Angesema wakati ule, kungekuwa na la kufanya, maana mlango ulikuwa bado karakanani, mji uleule, na dukani karatasi zilijaa.

"Nafikiri liko chini, Babu," alisema.

"Basi ndiyo hivyo. Yeye alikuwa hakosei."

Likizo ilipoanza walisafiri wote watatu, Mama, Nukta na Fundi Taratibu, na mlango umelazwa nyuma ya gari la mizigo, umefungwa kwa mablanketi. Njia nzima Nukta alikuwa anafanya hesabu. Kiti cha Bibi kina upana gani? Hakujua. Labda Baba aliacha nafasi kubwa. Labda milimita sita zitapotelea humo, na hakuna atakayejua. Aliomba iwe hivyo, ingawa alijua si dua ya kuombwa na mtu mwenye haki.

Kazi ilichukua siku mbili. Fremu ya zamani iling'olewa ikawekwa uani, uwazi wa ukutani ukapanuliwa kufuata fremu mpya, fundi mwashi wa jirani akaishindilia kwa zege. Bibi alitazama kila kitu kutoka sebuleni. Asubuhi ya siku ya tatu alioga mapema, akavaa gauni lake jeusi na kitambaa kipya kichwani. Shangazi alitaka kumsukuma, akakataa.

"Mwanangu alitaka nitoke mwenyewe," alisema. "Niacheni nitoke mwenyewe."

Akashika magurudumu kwa mikono yake miwili, akajisukuma. Kiti kikaenda vizuri, kikafika mlangoni, kikagonga. Bibi alirudi nyuma kidogo, akakinyoosha, akajaribu tena. Kikagonga tena, safari hii pande zote mbili kwa pamoja, gurudumu la kulia na la kushoto. Jua la uani lilikuwa limefika mapajani mwake.

Fundi Taratibu alipiga magoti na tepu yake. Alipima mlango, akapima kiti, akapima mlango tena.

"Kiti sabini," alisema. "Mlango sitini na nane kasoro. Zimepungua zaidi ya sentimita mbili." Akatoa mchoro mfukoni, akaweka rula juu yake. "Na ndivyo ulivyochorwa. Sijakata pembeni hata kidogo. Tazameni wenyewe."

Walitazama.

"Alikuwa ameshaanza kuumwa," Mama alisema mwishowe, sauti yake ikiwa chini. "Wiki zile alikuwa halali. Mkono ulikuwa unamtetemeka hata kushika kikombe. Hatukupaswa kuutumia mchoro ule."

"Maskini mwanangu," alisema Bibi. "Alijikaza anifanyie, na nguvu zilikuwa zimemwisha. Msimlaumu."

Akaanza kurudisha kiti chake ndani, polepole, mgongo kwanza.

Nukta alikuwa amejiandaa kwa mambo mengi. Alijiandaa kugombezwa, hata kupigwa. Hili hakulifikiria kabisa. Kosa lilikuwa limemtafuta mwenyewe na kumkosa, likaenda kumkalia mtu aliye kaburini, hatua ishirini kutoka pale, mtu ambaye hawezi kuinuka na kusema siyo mimi. Naye Baba kazi yake hakuwahi kuikosea.

"Baba hakukosea," alisema.

Wakamgeukia.

"Ni mimi. Nilichapa kwenye mashine ndogo, nikakubali mchoro upunguzwe. Mstari ulikuwa tisa na nne. Niliupima nikaona. Nikaweka alama." Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta. "Babu aliponiuliza juu ya ule ufupi nilijua. Nikasema paa liko chini."

Fundi Taratibu aliweka rula juu ya mstari wa chini ya mchoro. Aliutazama muda mrefu kuliko ulivyohitaji.

"Tisa na nne," alisema.

Mama alimtazama binti yake usoni. "Alama ya baba yako, Nukta," alisema. Alipita mlangoni akatoka uani, akaenda kusimama karibu na tangi la maji, na mabega yake yalikuwa yanacheza. Nukta angepewa kuchagua, angechagua fimbo.

Bibi ndiye aliyeuliza kwanza. "Fundi, mbao imekwisha?"

"Imekwisha, mama yangu. Nguzo za pembeni hazina tatizo, ni upana tu. Lakini kizingiti cha juu na cha chini vimeshakatwa vifupi, na mbao haivutwi kama ulimbo." Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akafikiri kwa namna yake, yaani polepole. Macho yake yakaangukia uani, kwenye fremu ya zamani. "Ila zile nguzo za zamani ni ndefu. Mti wake bado mzima. Naweza kutoa vizingiti humo. Na ubao wa mlango nauongezea kipande pembeni. Rangi haitalingana, kiraka kitaonekana."

"Kionekane," alisema Bibi.

"Na ukuta tuubomoe tena. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakutuambia kwamba wengine tutaubomoa kwanza."

Ilikuwa ni utani, na Bibi alitabasamu kidogo, lakini Nukta hakuweza.

Walianza mchana uleule. Nukta alipewa msasa na nguzo za zamani, zilizokuwa na rangi ya miaka arobaini, tabaka juu ya tabaka. Alisugua mpaka jioni, akasugua na kesho yake, vidole vikachubuka, naye hakuomba kupumzika wala hakuna aliyemwambia apumzike. Kabla ya kukata, Fundi Taratibu alimwita.

"Pima."

Nukta alipima kiti cha Bibi. Sabini. Akapima mbao, akaongeza nafasi pande zote mbili, akaweka alama.

"Pima tena."

Akapima tena.

"Sasa na mimi nipime," alisema mzee, akapima. "Hili ni langu, si lako. Mstari ule ulikuwa mbele ya macho yangu wiki nzima, na rula ilikuwa mkononi. Niliona alama nikaacha kuona mstari. Na nilipoona mlango mfupi, niliuliza mtoto badala ya kuuliza rula." Akachukua msumeno. "Lakini wewe ulijua, mjukuu wangu. Mimi sikujua. Hapo ndipo tunapotofautiana."

Mama alizungumza naye usiku wa pili tu, walipokuwa wanaosha vyombo. Alisema kuanzia sasa Nukta hatagusa penseli nyekundu mpaka atakapoambiwa, na kwamba kila mchoro atakaochapa utapimwa na Mama. Alisema pia kwamba hajaacha kumpenda. Nukta aliitikia kila neno, na lile la mwisho ndilo lililomliza.

Mlango ulisimama tena. Vizingiti vilikuwa vyeusi kuliko nguzo, na pembeni mwa ubao ulishuka mstari wa mbao ya zamani kutoka juu hadi chini. Mtu yeyote angeuona akiwa barabarani.

Bibi alivaa tena gauni lake jeusi. Akashika magurudumu, akajisukuma, akapita. Hakikugusa popote. Alifika uani, akasimama kidogo kwa sababu jua lilimuumiza macho, kisha akamwita Nukta afuatane naye. Wengine walibaki nyuma. Waliizunguka nyumba pamoja, Bibi akijisukuma mwenyewe, Nukta akitangulia kuondoa mawe njiani.

Udongo wa kaburi ulikuwa umeshakaa, na majani madogo yalikuwa yameanza kuota juu yake. Bibi aliusogeza mguu wake mpaka kiatu kikagusa udongo.

"Mwanangu, nimekuja," alisema. "Juzi nilisema nguvu zilikuwa zimekuishia. Nilikusingizia. Mlango uliuchora sawasawa. Nisamehe."

Nukta alipiga magoti kando ya kiti. "Bibi, usiombe msamaha wewe. Ni mimi."

"Wewe ulishakiri, nami nilishakusamehe. Huu ni wangu." Bibi alimshika mkono, mkono wenye vidole vilivyochubuka, akauweka juu ya goti lake. "Sikiliza, mjukuu wangu. Uongo ni mzigo. Ukiutua wewe, hauanguki chini ukaisha. Lazima uwe kichwani kwa mtu. Ulimtwisha fundi, akajiona hafai. Ulinitwisha mimi, nikamsema vibaya mwanangu. Halafu ukamtwisha baba yako, na yeye hana tena mikono ya kuutua. Siku ile ulipofungua mdomo, ulimtua. Ulichelewa, lakini ulimtua. Siku nyingine usingoje mpaka mzigo umfikie mtu asiyeweza kusema."

"Sitangoja, Bibi."

"Haya. Sasa niache naye kidogo."

Nukta alirudi akaketi chini ya ukuta, mahali ambapo angesikia akiitwa. Kutoka pale alikiona kitambaa cha kichwani mwa Bibi na gurudumu moja la kiti. Mara Bibi alionekana akizungumza, mara akinyamaza. Mama alikuja akaketi karibu na Nukta, Fundi Taratibu akaja na randa yake mkononi akasimama. Bibi alikaa pale mpaka kivuli cha nyumba kikamfikia, na hakuna aliyemharakisha.